Jinsi ya Kupima Dai Kwamba Wahamiaji Wanakuza au Wanaangusha Uchumi

Kazi yangu ni kuhariri habari za uchumi. Miaka kadhaa iliyopita nilipitisha habari iliyosema kipato cha wananchi kimeshuka kwa sababu ya wahamiaji. Takwimu zilikuwa sahihi, nilizikagua mwenyewe moja baada ya nyingine. Siku ilipotoka nikapigiwa simu na msomaji, mwalimu mstaafu wa hesabu. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mwanangu," aliniambia, "chukua kalamu na karatasi, hesabu hii tuifanye wote."

Karatasi ile ninayo mpaka leo. Kila ninapoletewa dai kuhusu uhamiaji huanza na hesabu yake, ndipo nikaendelea na maswali mengine niliyojifunza baadaye. Nayaandika hapa kwa yeyote anayesoma ripoti, anayesikiliza hotuba za kampeni, au anayebishana na ndugu zake kuhusu wageni na ajira.

Uliza kwanza: kipato cha nani?

Chukua nchi ya watu 100, kila mmoja anazalisha 1,000 kwa mwaka. Pato lote ni 100,000, wastani 1,000. Waingie wahamiaji 10 ambao kwao walikuwa wakizalisha 200 kila mmoja, na hapa wanazalisha 600. Pato la taifa linapanda hadi 106,000. Ligawe kwa watu 110, unapata 964. Wastani umeshuka, na hapo ndipo mimi nilipoandika kwamba wananchi wamekuwa maskini zaidi.

"Haya, nionyeshe aliyepoteza," mwalimu akasema.

Nikaitazama karatasi, nikamkosa. Wenyeji 100 bado wana 1,000 zao. Wahamiaji 10 kipato chao kimekuwa mara tatu. Hakuna aliyepungukiwa hata senti. Wastani umeshuka kwa sababu moja tu: watu wanaohesabiwa ndani yake si wale wale. Akaniambia nijaribu tena, safari hii kila mwenyeji apande hadi 1,010 kwa sababu ya biashara iliyochangamka. Jumla inakuwa 107,000, wastani 973. Kila mtu katika nchi hiyo amenufaika, na wastani bado uko chini ya ule wa mwanzo.

Kisha akanigeuzia upande wa pili, na huu ndio ulioniuma zaidi, kwa sababu niliona ni habari ngapi za furaha nimewahi kuzipitisha kwa kosa lile lile. Waingie wataalamu 10 wanaozalisha 3,000 kila mmoja, na wenyeji washuke hadi 990. Jumla 129,000, wastani 1,173. Waziri wa fedha atasimama kujivunia kwamba kipato cha kila mtu kimepanda kwa asilimia 17, wakati wenyeji wote 100 wamepungukiwa.

Kwa hiyo usikubali dai lolote lililojengwa juu ya wastani mmoja wa nchi nzima. Gawa karatasi yako mafungu matatu: wenyeji, wahamiaji wenyewe, na waliobaki kule wahamiaji walikotoka. Hilo fungu la tatu husahaulika mno. Mwaka 2023 fedha ambazo wahamiaji walizituma katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati zilizidi dola bilioni 600, na nyingi huenda moja kwa moja mikononi mwa familia. Upande wa pili wa shilingi ni daktari na muuguzi waliosomeshwa kwa kodi za nchi moja wakaenda kutibu nchi nyingine. Yote mawili yaandikwe.

Kuhusu pato la taifa kwa ujumla, lipite haraka. Watu wanaofanya kazi wakiongezeka, pato lote litaongezeka. Anayelitaja hilo peke yake kama ushahidi hajasema kitu bado.

Kisha uliza: ukilinganisha na nini?

Swali hili linahitaji subira, na nitalionyesha kwa kisa kimoja ambacho wachumi wamebishania kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwezi Aprili 1980 Fidel Castro aliruhusu Wakuba waliotaka kuondoka waondokee bandari ya Mariel. Kufikia Oktoba, watu wapatao 125,000 walikuwa wamevuka kwa boti hadi Florida, na wengi wao walibaki Miami. Nguvukazi ya mji huo iliongezeka kwa takriban asilimia 7 ndani ya miezi michache. Wengi walikuwa watu wasio na elimu kubwa. Ukiwa na hofu kwamba wageni wanakula ajira za wenyeji, basi hapa ndipo pa kuithibitisha.

Na kweli, ukosefu wa ajira Miami ulipanda kutoka asilimia 5.0 mwezi Aprili hadi 7.1 mwezi Julai. Mwandishi mwenye haraka angefunga habari hapo. Mchumi David Card, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1990, hakuifunga. Alitafuta miji iliyofanana na Miami kwa mwenendo wa ajira lakini haikupokea boti zile: Atlanta, Houston, Los Angeles, na Tampa pamoja na St. Petersburg. Mwaka ule Marekani nzima ilikuwa kwenye mdororo, na ukosefu wa ajira ulikuwa unapanda hata kusikokuwa na Mkuba mmoja. Alipolinganisha, hakuona athari ya maana kwa mishahara wala ajira za wafanyakazi wa kipato cha chini wa Miami. Kazi za namna hiyo, za kutafuta majaribio yaliyojitokeza yenyewe katika maisha ya watu, ndizo zilizomfanya awe mmoja wa waliotuzwa Nobeli ya uchumi mwaka 2021.

Mwaka 2015 mchumi George Borjas, ambaye kama wahamiaji wale alizaliwa Kuba, akalifungua upya jalada. Hoja yake ilikuwa nzito: Card aliwachanganya watu wengi mno, na anayeumia angeonekana kati ya wale tu wanaofanana na waliokuja. Akawatenga wanaume wasio na asili ya Kilatino ambao hawakumaliza sekondari, akaona ujira wao Miami ulishuka kwa asilimia 10 hadi 30. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishtuka, maana niliona ana haki. Ndilo swali la mwalimu wangu hilo: nionyeshe aliyepoteza.

Lakini Michael Clemens na Jennifer Hunt wakaenda kuangalia ni akina nani hasa waliohojiwa. Kundi lile lilikuwa dogo mno, na katika miaka ile ile sehemu ya wanaume weusi ndani ya sampuli ya Miami ilikuwa imeongezeka. Wanaume weusi wasiomaliza sekondari walikuwa wakilipwa chini kuliko wenzao. Kwa hiyo wastani wa kundi ungeshuka hata kama hakuna mwajiri aliyepunguza ujira wa mtu. Hesabu ya 964 ile ile, imejificha ndani ya utafiti wa watu waliobobea. Wachumi hawajapatana mpaka leo. Mimi naona ushahidi umeelemea upande wa Card, ila sithubutu tena kumpuuza anayeuliza kuhusu fungu dogo la walio chini kabisa.

Kwa vitendo, fanya hivi. Ukikuta dai la "kabla na baada", tafuta mahali pengine panapofanana ambapo wahamiaji hawakufika, uone huko nako mambo yalikwendaje. Ripoti ikikosa mahali hapo pa kulinganishia, ipe uzito mdogo. Iliyo bora zaidi ni ile ambayo wahamiaji hawakuchagua wenyewe pa kukaa. Wahamiaji hukimbilia kwenye miji inayokua, kwa hiyo kuwakuta katika mji tajiri hakuthibitishi kwamba wao ndio walioutajirisha. Denmark iliwahi kuwagawanya wakimbizi katika halmashauri zake kati ya mwaka 1986 na 1998, bila kuwaachia wachague. Watafiti Mette Foged na Giovanni Peri walipowafuatilia wenyeji wa halmashauri hizo, waliona wafanyakazi wenye elimu ndogo wakihamia kazi zisizo za nguvu sana, na mishahara yao ikipanda.

Tafuta njia ambayo jambo limepitia

Dai zuri huonyesha njia. Wageni wamekuja, halafu ikawaje? Wanaodhani kazi ni kama viti vya basi, kwamba anayekaa mmoja amemsimamisha mwingine, wanasahau kwamba mgeni ananunua, anapanga nyumba, anafungua duka, na wakati mwingine anaajiri. Wanasahau pia kwamba mwenye mtaji hakai akitazama. Wafanyakazi wakiwa wengi, anawekeza mahali panapohitaji mikono. Wakipungua, ananunua mashine.

Hilo la mwisho linaonekana vizuri ukiangalia kisa kilichokwenda kinyume. Kuanzia mwaka 1942 Marekani iliwaruhusu vibarua wa Meksiko kuja kwa misimu kufanya kazi mashambani, kwa mpango ulioitwa Bracero. Mwishoni mwa 1964 mpango ukafungwa, na sababu kubwa iliyotajwa ni kwamba vibarua wenyeji walipwe vizuri zaidi. Karibu watu nusu milioni wakatolewa sokoni. Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel walilinganisha majimbo yaliyopoteza vibarua wengi na yale ambayo hayakuwa nao kabisa. Ujira wa wenyeji haukupanda zaidi kule walikoondoka. Wenye mashamba ya nyanya walinunua mashine za kuvunia, na mazao ambayo hayakuwa na mashine wakayapunguza. Ile nafasi iliyodhaniwa imeachwa wazi ilikuwa imeshatoweka.

Weka tarehe

Gharama huja mwanzoni, faida huchelewa. Mtoto wa mhamiaji ni gharama ya shule kwa zaidi ya miaka kumi kabla hajalipa kodi hata moja. Taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani zilitoa ripoti kubwa mwaka 2016. Kizazi cha kwanza cha wahamiaji, ukikihesabu pamoja na watoto wanaosomeshwa, kiligharimu majimbo na halmashauri. Watoto hao walipokua, walikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa kabisa wa hazina katika nchi nzima. Mwandishi mmoja akichukua miaka mitano, mwenzake akachukua arobaini, kila mmoja atarudi na jibu lake, na wote wamesema kweli. Uliza pia ni hazina ipi. Kodi ya mapato inaweza kuingia serikali kuu wakati bili ya shule na zahanati inabaki kwa halmashauri, na hapo diwani anayelalamika hatungi uongo.

Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, umenifundisha zaidi kuhusu muda kuliko ripoti hiyo. Mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Miti ilikatwa, maji yakagombewa, bei zikayumba. Jean-François Maystadt na Gilles Duranton walizifuatilia kaya za wenyeji kuanzia 1991 hadi 2010, na wakakuta hali ya maisha imeboreka kule walikopokelewa wakimbizi, na uboreshaji huo ulibaki muda mrefu baada ya wakimbizi kuondoka. Sababu kubwa waliyoitaja ni kupungua kwa gharama za usafiri: barabara zilizotengenezwa wakati wa msaada ziliendelea kusafirisha mazao.

Lakini ndani ya wastani huo mzuri kuna watu. Mkulima mwenye ziada ya kuuza alipata wateja. Kibarua wa shambani aliyeishi kwa kuuza nguvu zake alikuta wengine wengi wanauza nguvu hizo hizo kwa bei ya chini. Ninawaomba wenzangu tunaowatetea wahamiaji tusimfiche huyu. Tukimwambia hakuna aliyeumia, naye anajua ameumia, hatatusikiliza tena katika lolote, na atamfuata wa kwanza atakayemkubalia kwamba adui yake ni mgeni.

Ukifika kwenye tofauti za tamaduni, uliza kipimo ni kipi

Hapa ndipo nakutana na madai yaliyochanganyikiwa zaidi. Ripoti moja husema mchanganyiko wa watu huleta ubunifu na utajiri. Nyingine husema makabila mengi ni laana ya maendeleo. Zote hutaja tafiti.

Anza kwa kukijua kipimo chenyewe, maana ni rahisi kuliko kinavyotisha. Ukiokota watu wawili bila kuchagua, kuna uwezekano gani wawe wa makundi tofauti? Chukua sehemu ya kila kundi, izidishe kwa yenyewe, jumlisha, kisha toa kwenye 1. Nchi yenye makundi ya asilimia 80, 10 na 10: 0.64 na 0.01 na 0.01 ni 0.66, kwa hiyo kipimo ni 0.34. Nchi yenye makundi mawili ya nusu kwa nusu: 0.25 mara mbili ni 0.5, kipimo ni 0.5. Makundi kumi yaliyo sawa hutoa 0.9. Sasa jiulize ni nchi ipi kati ya hizo ungeogopa ugomvi zaidi. Mimi ningeogopa ile ya nusu kwa nusu kuliko ile ya makundi kumi, ingawa namba ya makundi kumi ni kubwa zaidi. Kipimo kinajua idadi tu. Hakijui kama watu hao wanazungumza, wanaoana, au wanagombea kiti kimoja.

Pia uliza makundi yamegawanywa kwa nini: lugha, kabila, au mahali mtu alipozaliwa. William Easterly na Ross Levine, mwaka 1997, walitazama Afrika kwa kipimo cha makabila na lugha, wakaona mgawanyiko mkubwa unaambatana na shule chache, miundombinu duni na ukuaji hafifu. Alberto Alesina, Johann Harnoss na Hillel Rapoport, mwaka 2016, walipima kwa mahali pa kuzaliwa, wakaona nchi zenye mchanganyiko mkubwa zaidi zina tija kubwa zaidi, hasa mchanganyiko ukiwa wa watu wenye ujuzi. Hawa hawapingani, kwa sababu wamepima vitu viwili. Mtu aliyekulia na kusomea mahali pengine huja na namna nyingine ya kutatua tatizo. Makabila yaliyosoma shule moja na kutawaliwa na sheria moja huenda yana ujuzi ule ule, kilichobaki kati yao ni kugawana keki ya serikali.

Na hata mgawanyiko wa makabila hauna hatima moja. Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Edward Miguel, uliochapishwa mwaka 2004. Alilinganisha Busia nchini Kenya na Meatu nchini Tanzania, maeneo mawili yenye mchanganyiko wa makabila. Busia, shule zilizokuwa mahali penye makabila mengi zilichangiwa fedha kidogo na wazazi kuliko zilizokuwa mahali pa kabila moja. Meatu, tofauti hiyo haikuonekana. Miguel aliihusisha na miongo ya sera za kujenga taifa: Kiswahili mashuleni na serikalini, mtaala uliofundisha utaifa, ugawaji wa rasilimali usiofuata kabila. Naandika kwa lugha hiyo hiyo, kwa hiyo siwezi kujifanya sina hisia. Lugha inayowawezesha wasiojuana kufanya mkutano wa shule na kukubaliana mchango ni miundombinu, sawa na barabara ya Ngara.

Ukitathmini sera ya uanuwai, yaani ya mchanganyiko wa watu, basi, usiishie kuhesabu wametoka wapi. Tazama wanachochangia pamoja: lugha, shule, mahakama wanayoiamini wote. Na usisahau kodi za pango la nyumba. Gianmarco Ottaviano na Giovanni Peri waliona kwamba katika miji ya Marekani iliyopata mchanganyiko mkubwa zaidi kati ya 1970 na 1990, mishahara ya wenyeji ilipanda, na kodi za nyumba nazo zikapanda. Mwenye nyumba alipata mara mbili. Mpangaji aliikuta nyongeza ya mshahara imemegwa.

Soma sheria kabla ya kusema "mzigo"

Hili ni fupi. Anayesema wakimbizi ni mzigo, muulize kama sheria inawaruhusu kufanya kazi. Ukimfungia mtu kambini na kumnyima kibali, kisha ukahesabu chakula anacholishwa, umepima sheria yako, hujampima yeye. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kutembea. Kolombia mwaka 2021 ilitangaza kibali cha miaka kumi kwa Wavenezuela waliokuwa ndani ya mipaka yake. Angalia pia kama vyeti vyao vinatambuliwa. Daktari anayeendesha teksi anahesabiwa kuwa ameajiriwa, na hakuna safu ya takwimu inayoonyesha kilichopotea.

Na usiwasahau wale waliofukuzwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Biashara na viwanda vingi vilikuwa mikononi mwao, na maduka yakagawiwa watu waliokuwa karibu na utawala. Rafu zikabaki tupu. Sehemu ya anguko ilikuwa ya utawala wenyewe wa kijeshi, kwa hiyo usiutumie mwaka huo kama mzani safi. Utumie kuelewa kwamba mali unaweza kuikabidhi kwa amri, lakini mtandao wa wauzaji, mikopo na imani uliojengwa kwa vizazi huwezi kumkabidhi mtu.

Mwisho, andika sentensi inayobeba yote

Siku hizi siruhusu "wahamiaji wamekuza uchumi" wala "wahamiaji wameshusha mishahara" kupita mezani kwangu. Namrudishia mwandishi na kumwomba aweke nani, lini, na ukilinganisha na wapi. Sentensi inarefuka, naye hulalamika kwamba haitatosha kwenye kichwa cha habari. Kwa kisa cha Mariel ingesomeka hivi: "Miaka mitano baada ya nguvukazi ya Miami kuongezeka kwa asilimia 7, mishahara ya wafanyakazi wa chini wa mji huo haikuachana na ya miji minne iliyofanana nao; kuhusu wanaume wachache wasiomaliza sekondari, watafiti bado wanabishana." Ni maneno 34. Nimeyahesabu, na sijaona la kupunguza.